Simu Iliyokubaliana na Mkono wa Kija

Kimali, Meatu
9 Februari 2025

Kaka yangu Josia,

Mwangaluka! Huku ni mhola duhu, wote wazima, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekula mfuko wa mbolea na sasa anatutazama kama sisi ndio wenye makosa. Mvua imekubali mwaka huu. Pamba imeanza kutoa maua, na palizi imetumaliza migongo. Mama anakusalimu sana. Anasema kwenye ile picha ya Krismasi umekonda, na nilipomwambia ni mwanga wa kamera alinisonya.

Barua yako tumeisoma mara tatu kama kawaida ya mama: jioni tulipoifungua, Jumapili tulipotoka kanisani, na siku ile majirani walipokuja kuulizia habari zako. Anasema barua ya mtoto wake haisomwi mara moja kama tangazo la kijiji. Nami ninashukuru tunaandikiana. Mtandao wa hapa mpaka upande kichuguu, halafu sisi wawili tukipigiana simu vocha yote inaishia kwenye kubishana.

Sasa lililonishikisha kalamu. Kaka we! Kile kidude cha kupima sukari bila kutoboa kidole kimefika! Kija wangu alipofungua boksi alirukaruka uani mpaka kuku wakakimbilia mahindini. Hatukungoja hata chai. Nikampangusa mkono kwa spiriti, nikakibandika nyuma, chini ya bega, kama picha inavyoonyesha, tukakaa tukisubiri namba.

Namba gani? Ndipo nikasoma karatasi kwamba namba zinatokea kwenye simu. Nikapanda kichuguu na simu yangu nikaitafuta hiyo programu. Nikaipata. Chini yake pameandikwa: "Kifaa chako hakioani na toleo hili." Nikabonyeza tena. Hakioani. Nikaizima, nikaiwasha, nikaiombea. Hakioani! Basi mtoto amekaa na kidude mkononi kama kitufe cha koti, hakisemi kitu, na jana kimebanduka kwenye palizi. Kimoja kimeenda bure hivyo, nimeumia.

Unajua kwa nini nina haraka. Kija amechaguliwa mita mia nane kwenye timu ya shule. Anawaacha hata wavulana, Josia, nakwambia anawaacha! Lakini tangu alipoanguka mazoezini mwezi wa kumi, sukari ikiwa imeshuka, Mwalimu Domitila wa michezo amesema hakimbii mpaka awepo mtu anayeiona sukari yake akiwa anakimbia, na kengele ilie kabla hajaanguka. Daktari wa kliniki kule Bariadi naye amesema hivyohivyo. Majina ya wilaya yanaenda mwisho wa Aprili, mashindano ya mkoa ni Juni. Asipokimbia mwaka huu, mwakani ni darasa la saba na mitihani, basi tena.

Mama hataki hata kusikia neno kukimbia. Tangu baba yetu, mzee Shigela, aondoke na ugonjwa huu, kila Kija akihema anashika kifua. Alisema siku ile ya msiba kwamba sukari isirudi tena nyumbani kwake, ikarudi kwa mjukuu.

Tutafutie simu inayokubali. Na huyo rafiki anayekupa vidude hivi, mwambie tunamshukuru, wabeja.

Mdogo wako,
Scola


Buguruni, Dar es Salaam
2 Machi 2025

Mdogo wangu Scola,

Mwadila, maana naandika mchana, jua liko utosini na friji la mtu liko tumbo wazi mbele yangu. Mafriji yanaharibika sana msimu huu na sisi mafundi tunashiba. Msalimie mama, mayu Milembe, mwambie sijakonda, nimepungua tu. Mpe pole mbuzi.

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mambo.

Nimecheka barua yako mpaka bosi akaja kuuliza. Mmebandika kwanza, mkasoma baadaye! Scola, wewe hujabadilika. Lakini usijilaumu, mambo haya yana vituko. Ile programu inachagua simu kama bibi harusi. Inataka Android isiwe ya zamani, na simu iwe na ile sehemu ya kusoma kwa kugusa, ya kukiamsha kidude mara ya kwanza. Yako haina vyote viwili. Si mbovu, ni umri.

Ndani ya kifurushi kuna simu na kidude cha pili. Nimeipata kwa jamaa hapa mtaani, imeandikwa toleo la kumi na nne, inang'aa kama kioo cha saluni. Kidude cha pili msikibandike mpaka programu ifunguke na kukaa. Na mwambie Kija kitawasha siku ya kwanza, kama vile sisimizi wako chini ya ngozi, asikikwangue. Siku ya pili kinatulia chenyewe.

Akimbie huyo mtoto! Mimi nikifumba macho ninamwona. Mwambie mwalimu wake asifute jina.

Kaka yako,
Josia


Kimali, Meatu
30 Machi 2025

Kaka Josia,

Mwangaluka. Wote wazima. Pamba inafunga vitumba, viwavi wamejaribu, tumewapulizia wakatuheshimu. Mama anasema wabeja kwa ile kanga uliyotuma, ameivaa kanisani, na wakati wa sadaka alienda mbele polepole makusudi ionekane.

Sasa kuhusu simu yako inayong'aa. Ingekaa hukohuko na huyo jamaa wa mtaani, na ukimwona mkanyage mguu kwa niaba yangu! Programu ilishuka vizuri. Tukapiga makofi. Tukaifungua, ikaonyesha picha ya tone, ikafa. Tukaifungua, ikafa. Kija akaifungua mpaka kidole kikachoka. Nikapanda gari mpaka Mwanhuzi kwa kijana mmoja fundi, Ngeleja, mwenye kibanda karibu na stendi. Akaichunguza dakika mbili, akaangua kicheko mbele za watu. Kumbe simu yenyewe ni ya zamani kuliko yangu! Wamebadilisha maandishi tu yaseme kumi na nne. Yaani imevaa sare ya sekondari na haijamaliza la nne. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kidude cha pili hatujakigusa. Hilo walau tumejifunza.

Lakini Kija, Josia! Anaamka kabla ya jogoo wa pili, anakimbia mpaka lambo na kurudi, peke yake, kwa siri anadhani sijui. Ninajua. Ninamfuata nyuma kwa baiskeli na chupa ya maji ya sukari, taa imezimwa, na nikifika kwenye mchanga ninasukuma. Siwezi kumkataza. Nikimkataza atakimbia mahali nisipojua. Mwalimu Domitila amekubali kungoja mpaka mwisho wa Aprili, si zaidi.

Halafu nina swali, nawe unijibu vizuri. Umejuaje kwamba kidude kinawasha kama sisimizi chini ya ngozi? Kwenye karatasi yake hakuna sisimizi. Nimeisoma yote.

Mdogo wako,
Scola


Buguruni, Dar es Salaam
13 Aprili 2025

Mwangaluka mayu Milembe, mwangaluka Scola, mwangaluka Kija mwenye mbio, na mbuzi mla mbolea naye mwangaluka. Huku mvua ya masika imejaza barabara na mafriji yanaelea. Mimi mzima. Nawatakia Pasaka njema.

Scola, hii ninayotuma inafanya kazi. Usiniulize imetoka wapi. Programu nimeshaiweka, lugha nimeiweka Kiswahili, na yote yaliyokuwemo nimeyafuta. Nina uhakika nayo kuliko jina langu. Siku kadhaa sitapatikana hewani, namba yangu itakuwa imezimwa, kwa hiyo andikeni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana simu kukubali ni jambo moja na kengele kulia ni jambo lingine. Kwanza fungua mipangilio. Pili ingia kwenye programu, tafuta yenye picha ya tone. Tatu, gusa betri, chagua isiwekewe mipaka, kwa sababu simu ikitaka kuokoa chaji inailaza programu na kengele hailii. Nne, gusa arifa, ruhusu zote. Tano, ruhusu ilie hata simu ikiwa kwenye Usinisumbue. Sita, izime simu, uiwashe. Ikijisasisha siku moja bila kukuuliza, usilie. Huwa inajisahaulisha ruhusa ulizoipa. Rudia kuanzia ya kwanza.

Simu isikae mbali na mtoto. Ukuta mmoja inavumilia, miwili inanuna. Na Kija asilalie mkono wenye kidude, maana kikibanwa kinatoa namba ndogo za uongo na kengele inawaamsha bure. Alalie upande wa pili, kama mimi.

Mungu awabariki nyote, nawapenda, mtoto wenu Josia.

Scola, hii ni yako peke yako, usiisome mbele ya watu: kuna jambo uliniuliza mwishoni mwa barua yako, lakini karatasi ilikuwa imelowa mvua, sikuweza kusoma.


Kimali, Meatu
4 Mei 2025

Kaka Josia!

Mwangaluka, mwangaluka, mwangaluka! Wote wazima na vichaa kidogo. IMEKUBALI!

Jumatatu ya Pasaka, baada ya chakula. Kija amekaa kwenye kigoda, mimi nimeshika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha komunyo, mama amejifunga kanga mpya. Nikaigusisha simu kwenye kidude, ikatetemeka, ikasema subiri saa moja. Saa ile, Josia! Hakuna aliyeenda hata kuangalia ng'ombe. Halafu ikatokea: 8.2 na mshale umelala. Kija akapiga kelele "Nimejiona!" na mimi nikalia, sioni aibu kukwambia, nililia mpaka mama akaninyang'anya simu nisiiloweshe.

Tangu hapo hapa nyumbani hakuna redio. Tunasikiliza mkono wa Kija. Amekula michembe ya viazi na chai, namba zinapanda, majirani wanakuja kuona, "Sasa ngapi? Sasa ngapi?" Mzee Mwandu jirani amesema apimwe na yeye kwa kugusishwa simu kwenye paji la uso. Tumemgusisha, akaridhika.

Siku ya tatu ikanyamaza. Namba hakuna, kengele hakuna. Nikasema nirudie hatua zako zote sita. Nikaanza kukutukana taratibu. Na simu yenyewe siioni! Tukaitafuta nyumba nzima mpaka mama alipotoka kanisani, akasema kwa utulivu kabisa: "Nimeihifadhi." Ameifungia kwenye sanduku lake la bati, chini ya vitenge vya harusi yake, amefunga kufuli na ufunguo amekwenda nao kanisani! Kitu cha thamani hivyo, anasema, hakiachwi mezani kama kijiko. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Sasa simu inakaa mfukoni mwa Kija, na sandukuni tunaweka barua zako.

Na mbio. Keti chini. Mwalimu Domitila alisema tumjaribu. Ile Bluetooth haifiki mbali, kwa hiyo nimeshona mkanda wa kitambaa wenye mfuko, mwalimu akaufunga kiunoni na simu ndani, akapanda baiskeli akawa anakwenda sambamba na mtoto kuzunguka kiwanja cha shule, shule nzima imesimama. Mzunguko wa kwanza 9.0. Wa pili 7.1, mshale unashuka taratibu. Akamaliza! Akala kipande cha muwa, dakika chache mshale ukanyooka. Mwalimu Domitila akashuka kwenye baiskeli, akafuta jasho, akasema: "Mama Kija, jina linaenda."

Jina limekwenda, Josia!

Karatasi yangu ya Machi haikulowa. Niliifunga kwenye nailoni. Lakini basi, nimekuelewa kwamba hutaki.

Scola


Buguruni, Dar es Salaam
18 Mei 2025

Scola,

Mwangaluka kwa wote. Samahani kwa mwandiko, vidole vimechubuka kidogo, ni kazi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Halafu nikaenda kumsomea bosi, halafu mama ntilie wa hapa, halafu mteja mmoja aliyekuja na jagi tu la kusagia matunda. Wote wanamjua Kija sasa. Mama ntilie anauliza kila siku, "Mtoto wa 8.2 hajambo?"

Nimetuma vidude viwili vingine. Msinitumie asante. Nitumieni habari.

Akifika Bariadi mkoani mwambie asianze kwa kasi. Watoto wa mjini wanaanza kama wanafukuzwa na nyuki, wanaishia mzunguko wa kwanza.

Josia


Kimali, Meatu
15 Juni 2025

Kaka yangu Josia,

Mwangaluka. Sote wazima, pamba tunaichuma, mikono imejaa mikwaruzo. Salamu nitakupa nyingi mwisho. Sasa hivi zinanizuia.

Wilayani alishika nafasi ya kwanza, hiyo umeshasikia kwa watu. Tukaenda Bariadi. Mama akasema na yeye anakwenda, akajitwisha mfuko wa michembe, hakuna aliyethubutu kumzuia. Walimu na watoto wakalazwa kwenye shule moja yenye intaneti ya bure, na sisi hatukujua intaneti ya bure ina kazi gani. Asubuhi ya mbio Kija ananiletea simu, uso umembadilika. Imejisasisha ilipokuwa inachajiwa. Namba zipo, 8.8, lakini juu pana mstari mwekundu: kengele haifanyi kazi.

Mwalimu Domitila akaitazama, akaitazama tena. "Mama Kija, unajua makubaliano yetu. Bila kengele hakimbii. Sitampeleka mtoto wa mtu akaanguke mbele ya mkoa." Hakusema kwa ubaya, macho yake yalikuwa na machozi. Kija hakulia. Alianza kufungua kamba za viatu, na hilo liliniuma kuliko kulia.

Hatua zako! Ziko wapi? Kwenye barua. Barua iko wapi? Kwenye sanduku la bati, Kimali. Nilikumbuka ya betri, nikaiweka, mstari mwekundu uko palepale. Nikachukua simu yangu kuukuu nikupigie uniambie. Nikaanza kubonyeza namba yako na hapo nikaganda. Nitakupigia uipokee kwa simu gani? Simu yako ni hii niliyoshika mkono wa pili. Kaka, tangu Pasaka hukuwa hewani kwa sababu simu yako iko kwetu. Nilisimama pale kiwanjani kama mjinga, simu mbili mikononi, hakuna hata moja ya kukupata.

Mama akauliza, "Mnatafuta barua ipi? Ya Pasaka? Mbona ninayo." Nikasema mama, iko sandukuni. Akasema, "Iko kichwani. Mmenisomea mara ngapi?" Akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akafumba macho, akaanza: "Mwangaluka mayu Milembe, mwangaluka Scola, mwangaluka Kija mwenye mbio..."

Nikamwambia mama, ruka, nenda kwenye mipangilio! Akafumbua jicho moja. "Nikiruka ninapotea. Ulinikatiza, sasa naanza upya." Josia, mtangazaji anaita wasichana mita mia nane, na mama yetu anamsalimia mbuzi! "Na mbuzi mla mbolea naye mwangaluka." Akapita kwenye masika. Akapita kwenye mafriji yanayoelea. Akatutakia Pasaka njema katikati ya Juni. Mwalimu Domitila amepiga magoti na simu mkononi, jasho linamtoka. "Kwanza fungua mipangilio," mama akasema, na mwalimu akafungua. "Tafuta yenye picha ya tone." Tayari. "Isiwekewe mipaka." Tayari! "Gusa arifa, ruhusu zote." Hapo palikuwa pamezimwa! "Ilie hata simu ikiwa kwenye Usinisumbue." Napo pamezimwa! "Izime simu, uiwashe." Mtangazaji anaita mara ya pili. Ile simu inavyochelewa kuwaka, unaijua. Ikawaka. Mstari mwekundu hakuna. Kija keshafunga kamba, keshakimbia kwenye mstari, mwalimu nyuma yake anajifunga mkanda.

Na mama hajanyamaza. Anaimalizia barua, hawezi kuiacha njiani. "Alalie upande wa pili, kama mimi." Akafumbua macho yote mawili. "Kama yeye," akasema. "Scola, kwa nini Josia analalia upande wa pili?"

Bunduki ikalia.

Acha nikwambie mbio kwanza, maana hata mama alisimama. Mwalimu Domitila aliruhusiwa akimbie kwa ndani ya kiwanja, akikata kona, na alikimbia yule mama, viatu vyake mkononi! Watoto wa mjini wakatoka kama ulivyosema, nyuki kabisa. Kija wa tano. Mzunguko wa pili akampita mmoja, akampita wa pili, Kimali nzima tunapiga kelele, mama anapunga kanga yako. Kona ya mwisho wa tatu. Akamaliza wa pili, Josia, wa pili mkoa mzima! Na alipovuka tu mstari, kengele ikalia kiunoni mwa mwalimu, kwa sauti kubwa, tiii, tiii, kiwanja kizima kimesikia. 4.3, mshale chini. Mwalimu akampa juisi, akanywa amesimama, hakuanguka. Hakuanguka! Mshale ukalala, halafu ukapanda. Ameitwa timu ya mkoa.

Tulipotulia mama akaniuliza tena lile swali. Nikamwambia sijui. Akasema, "Unajua. Na mimi najua tangu picha ya Krismasi." Hakushika kifua. Alisema yule aliyempa mwenzake macho yake, yeye akabaki kutembea gizani, ni mtoto wake, na atamchapa.

Kwa hiyo sikiliza. Mama ametoa mtamba wake wa madoa auzwe. Tumekwenda kwa Ngeleja na kidude chenyewe, tukaijaribu simu palepale dukani mpaka namba ikatokea, ndipo tukaichukua. Yako inarudi ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kidude kimoja, kile cha mwisho ulichotuma. Usikirudishe. Kija amesoma kwamba programu hii inamruhusu mtu mwingine wa mbali azione namba zako ukimkubalia. Tayari amekutumia mwaliko. Atapanda kichuguu kila asubuhi kukutazama, anasema ni zamu yake kukushikia simu.

Sikuulizi kitu. Nilikuuliza Machi ukasema mvua.

Wako,
Scola


Buguruni, Dar es Salaam
29 Juni 2025

Sukari yangu asubuhi hii ni 7.4 na mshale umelala.

Ninao ugonjwa huu mwaka wa nne. Ninachoma sindano asubuhi na jioni. Vidude ananiletea mke wa bosi wangu akisafiri, ni vyangu, nilikuwa ninagawana na Kija: navaa kimoja, natuma kimoja. Simu ilipokwenda kwenu nikatuma vyote, nikarudi kwenye kutoboa vidole. Ndiyo sababu ya mwandiko ule. Sikusema kwa sababu mama alisema sukari isirudi nyumbani kwake, nami nilikuwa tayari ninayo siku alipolisema, nimesimama karibu naye kaburini, nikaona nisimletee ya pili. Nilimwogopa kuliko ugonjwa.

Kija, nimekubali mwaliko wako. Mara ya kwanza ulipoingia niliiona programu imeandika jina lako, "Kija anakufuatilia," nikaacha bisibisi ndani ya friji la watu. Jana nilikunywa soda nusu. Ninajua umeiona. Usimwambie bibi.

Scola, wabeja. Sina neno lingine, nimelitafuta.

Sasa salamu. Mwangaluka mayu Milembe, mwangaluka Scola, mwangaluka Kija wa pili mkoa mzima, mwangaluka Mwalimu Domitila na viatu vyake, na mbuzi. Mtamba wa madoa ninamjua, nilimwona alipozaliwa. Nakuja Agosti. Mama anichape.

Mtakapoisoma, mwambieni mama akiikariri hii asiruke kitu. Aianzie mwanzo kabisa.

Josia